Urekebishaji wa kisaikolojia kwa vijana waliokinzana na sheria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wazazi, walezi, walimu na maofisa wapya wa ustawi wa jamii huuliza tena na tena. Upande wa sheria tunazungumzia zaidi Tanzania Bara, na Kenya pale mambo yanapotofautiana. Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, kwa hiyo walio Unguja na Pemba wasibebe vifungu vya hapa kama vilivyo. Mambo ya vikao, tathmini na familia hayana mpaka.

## Mambo ya msingi

1. Programu ya urekebishaji wa kisaikolojia ni kitu gani hasa?

Ni mfululizo wa vikao vilivyopangwa, wenye mwanzo na mwisho, unaomfundisha kijana kufikiri na kutenda tofauti katika nyakati zilezile zinazomtia matatani: anapotukanwa mbele ya wenzake, anapoona simu imeachwa juu ya meza, rafiki anapomwambia "twende tu, nani atajua". Kuna vikao vya kikundi, vya mtu mmoja mmoja, na vya familia. Sambamba na hivyo hufanywa kazi ya kumrudisha shuleni au kumtafutia ufundi.

Nasaha za dakika kumi za "acha ujinga, soma" si programu. Mahubiri nayo, hata yakiwa mazuri vipi, si programu. Karibu kila kijana anajua kwamba kuiba ni kosa. Asichonacho ni kitu kingine cha kufanya katika zile sekunde chache kabla mkono haujanyooka.

2. Ni watoto wa umri gani wanaohusika?

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Wa miaka 10 hadi kabla ya kutimiza 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda hivyo. Kenya, kwa sheria yake ya watoto ya mwaka 2022, imepandisha umri wa kuwajibika kutoka miaka 8 hadi 12, na walio chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawana uwezo huo mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo.

Mtoto wa miaka 9 aliyevunja duka hana kesi, lakini hiyo haimaanishi hana shida. Huyo ni wa kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii kama mtoto anayehitaji ulinzi, na mara nyingi ukifuatilia utakuta kuna mkubwa aliyempitisha dirishani.

3. Je, ni adhabu? Na akikataa programu atafungwa?

Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto ya Bara kinasema mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa, au kumpeleka shule ya maadilisho, ambayo ni ile ya Irambo mkoani Mbeya. Wanaosubiri kesi bila dhamana wanapaswa kukaa mahabusu ya watoto, kama zile za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, wasichanganywe na watu wazima. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulianza mpango wa kumrekebisha mtoto akiwa nyumbani kwao, kwanza Temeke, baadaye Mbeya.

Kenya ngazi ni nyingi zaidi: uangalizi wa probesheni, shule za marekebisho kama Kabete, Wamumu, Kirigiti na Dagoretti, na taasisi za borstal (vituo vya kuwafungia na kuwafunza vijana) za Shimo la Tewa na Shikusa kwa wavulana na Kamae kwa wasichana. Borstal ni kwa walio kati ya miaka 15 na 18, na muda wake unaweza kufika miaka 3.

Kwa hiyo programu si adhabu, ila inaweza kuwa sharti la mahakama. Akiacha kuhudhuria, afisa anapeleka taarifa na hakimu anaweza kubadili amri. Mwambieni kijana hilo mapema, tena kwa lugha nyepesi. Wengi huacha kuja wakidhani kesi imekwisha siku ile walipotoka mahakamani.

4. Kupelekwa kwa mwanasaikolojia ina maana mwanangu ana ugonjwa wa akili?

Hapana. Wengi wa vijana hawa hawana ugonjwa wa akili wa kutibiwa kwa dawa. Wana pupa, hasira za haraka, marafiki wanaowavuta, na nyumba ambayo hakuna anayejua walipo saa tatu usiku.

Wako wachache ambao wana kitu kingine chini yake: mshtuko wa kupigwa au kubakwa, sonona, kifafa, usikivu hafifu, au jeraha la kichwa la zamani. Ndiyo sababu tathmini nzuri (swali la 7) huuliza hata kama aliwahi kuanguka akazimia.

5. Si ujana tu? Ataacha mwenyewe?

Wengi huacha. Makosa ya jinai hupanda katika miaka ya ujana na kushuka mtu anapoingia utu uzima. Hilo limeonekana nchi nyingi, na mtafiti Terrie Moffitt alilieleza vizuri mwaka 1993 alipotofautisha wanaokosea ujanani tu na wachache ambao fujo zao huanza utotoni na kuendelea. Alama ya kundi la pili si ukubwa wa kosa la kwanza. Tazameni lini alianza (kabla ya miaka 12 ni ishara mbaya), na kama fujo ziko kila mahali, nyumbani, shuleni na mtaani, au ziko kijiweni tu.

Aliyekosea mara moja, anasoma, ana mzazi anayemfuatilia, mara nyingi anatosheka na kuomba radhi, kulipa alichoharibu na kuangaliwa kwa miezi kadhaa. Kumrundikia vikao kunaweza kumdhuru, kama swali la 7 linavyoeleza.

## Kuingia kwenye programu

6. Mtoto amekamatwa leo. Tuanzie wapi?

Nendeni kituoni na kitu kinachoonyesha umri: cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule yenye mwaka wa kuzaliwa. Hili ndilo la kwanza kabla ya yote. Umri ukiandikwa 18 kwa kukadiria kwa macho, faili zima linakwenda mahakama ya wakubwa na kijana analala mahabusu ya wakubwa. Wakati mwingine ni kijana mwenyewe aliyejiongezea miaka baada ya kushauriwa na wenzake wa selo. Ikishatokea, mzazi anaweza kumwambia hakimu waziwazi kwamba umri una ubishi, na mahakama inapaswa kuuchunguza.

Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Ombeni kuwepo mtoto anapoandika maelezo. Kisha pigeni simu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa kata, msingoje polisi wafanye hivyo. Bila yeye hakuna ripoti, na bila ripoti hakimu hana njia ya kujua kama kuna programu inayomfaa huyu mtoto. Mkikwama, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure, Tanzania na Kenya pia.

Na yule mtu anayesimama nje ya geti akisema atawasaidia "kulimaliza" kwa kiasi fulani, mpiteni tu.

7. Tathmini inafanywaje, na kwa nini wengine wanapewa vikao vingi na wengine vichache?

Afisa huzungumza na mtoto peke yake, na mzazi peke yake, na shule, na ikibidi mwenyekiti wa mtaa. Vipo vipimo vilivyotengenezwa kwa kazi hii. Kimoja kinachotumika sana duniani, YLS/CMI, kina vipengele 42 katika maeneo 8: makosa ya nyuma, malezi ya nyumbani, shule au kazi, marafiki, ulevi, matumizi ya muda wa mapumziko, hulka, na mitazamo kuhusu uhalifu. Kingine, SAVRY, kina viashiria 24 vya hatari na 6 vya kinga. Pasipo na leseni ya vipimo hivyo, maeneo yale 8 yakiulizwa kwa utaratibu na kuandikwa yanatosha kuanzia. Kisichofaa ni afisa kukadiria kwa kumtazama mtoto usoni.

Matokeo hutumika kwa kanuni tatu zilizowekwa na Andrews, Bonta na Hoge mwaka 1990. Kwanza, nguvu ya programu ilingane na kiwango cha hatari, yaani uwezekano wa kijana kukosea tena: aliye na hatari kubwa apate vikao vingi, mwenye hatari ndogo apate vichache au asipate kabisa. Pili, shughulikia yale yanayosababisha kosa, kama marafiki na hasira, badala ya yale yanayompendeza mshauri. Tatu, fundisha kwa namna ambayo huyu kijana anaelewa.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayovunjwa zaidi. Mtoto mtulivu, mtiifu, mwenye mama anayekuja kila wiki, ndiye anayepewa nafasi kwa sababu hasumbui. Kisha anakaa miezi mitatu na vijana waliomzidi kwa kila jambo, anatoka na marafiki wapya.

8. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii inapaswa kuwa na nini?

Umri na ushahidi wake, hali ya nyumbani, shule, afya, mazingira ya kosa, kiwango cha hatari na sababu zake, na pendekezo linalotekelezeka. "Apatiwe ushauri nasaha" si pendekezo. Pendekezo lisomeke hivi: vikao 12 vya kikundi, kila Jumanne saa nane mchana, ofisi ya kata, vikao 4 vya nyumbani, arudi darasani ifikapo tarehe fulani, shangazi yake ndiye atakayemleta. Hakimu akipata ripoti ya namna hiyo hana sababu ya kuogopa kumwachia.

9. Kesi bado inaendelea na kijana anakana. Anaweza kuanza vikao?

Anaweza, kwa tahadhari moja kubwa: asiulizwe chochote kuhusu tukio analoshtakiwa. Fundisheni stadi kwa visa vya watu wa kubuni. Atakachosema kikaoni kisije kikawa ushahidi, na mshauri asiye makini huandika kwenye daftari mambo ambayo baadaye anaitwa kuyaeleza. Mpango wa kuchepusha kesi nje ya mahakama ni jambo jingine. Huo hutaka mtoto akubali kosa kwa hiari, mzazi akiwepo. Asiye na kosa asishawishiwe kukubali ili tu arudi nyumbani mapema.

## Ndani ya vikao

10. Kikao kimoja kinakwendaje?

Kikundi kizuri kina vijana 8 hadi 10 na wawezeshaji wawili. Wakizidi 12, wawili watatawala na waliobaki watalala. Muda ni dakika 60 hadi 90. Huanza na kila mmoja kueleza wiki ilikwendaje, kisha kazi ya nyumbani ya wiki iliyopita, stadi mpya moja, mazoezi ya kuigiza, na kazi mpya. Nusu ya muda iwe mazoezi. Mwezeshaji akisikika kwa zaidi ya theluthi ya kikao, hilo limekuwa darasa.

Zoezi ambalo hufanikiwa karibu kila mahali linatoka programu ya vijana wa Chicago. Vijana wanakaa wawili wawili. Mmoja anashika mpira mdogo, mwenzake anapewa sekunde 30 auchukue. Vinaanza vidole kukunjuliwa, kukabana, kelele, viti kuanguka. Kisha wanabadilishana zamu, yaleyale. Mwezeshaji anauliza: "Kuna aliyemwomba mwenzake ampe?" Kimya. Anamgeukia aliyekuwa na mpira: angekuomba, ungempa? "Ningempa, mpira wenyewe una nini?" Kuanzia hapo kuna kitu cha kuzungumza kwa saa nzima, kwa sababu wamejiona wenyewe, hakuna aliyewasimulia.

11. "Mnyororo wa tukio" ni nini?

Ndiyo kazi kuu ya tiba ya kubadili fikra na tabia kwa vijana hawa. Kijana anachukua tukio moja na kulichora ubaoni hatua kwa hatua, kama pete za mnyororo: mahali, nani walikuwepo, nini kilitokea, akawaza nini, mwili ukawaje, akafanya nini, kikafuata nini muda huohuo, na nini baada ya siku tatu.

Mfano wa kubuni. Saa kumi na mbili jioni, kijiweni karibu na kibanda cha kubeti. Jamaa anampiga kikumbo. Wazo: "amenidharau, watu wanaangalia". Mwili: masikio yamewaka, ngumi imekunjwa. Tendo: chupa. Muda huohuo: wenzake wanashangilia. Siku tatu baadaye: mahabusu. Mshauri hamwambii kwamba alikosea. Anamuuliza ni pete ipi angeweza kuikata, na mapema kiasi gani. Vijana wengi kwanza hutaja ile ya mwisho kabisa, "ningeacha chupa". Wakiendelea kuchora matukio matatu au manne wanaanza kurudi nyuma: "nisingekaa pale saa ile", "huenda hakuniona". Hilo la pili ni muhimu mno. Vijana wenye ugomvi mwingi huona dharau mahali ambapo wengine wangeona bahati mbaya, na hujifunza kulijaribu wazo kabla ya kuliamini.

Kosa la kawaida la washauri wapya ni kuruka hisia za mwili. Kijana asiyejua kwamba hasira yake huanzia masikioni hana kengele ya kumwamsha.

12. Mwanangu hajui kusoma. Atashiriki vipi?

Mwambieni afisa kabla ya kikao cha kwanza. Karatasi za kujaza ndizo zinazomfukuza kijana huyu. Ataleta fujo ili atolewe nje kabla siri haijajulikana. Mnyororo unachorwa kwa picha, kazi ya nyumbani inarekodiwa kwa sauti kwenye simu au inaulizwa kwa mdomo.

13. Programu inachukua muda gani?

Kwa hatari ya kati, miezi 3 hadi 4 ya kikao kimoja kwa wiki ni kiasi cha chini chenye maana. Kwa hatari kubwa, mara mbili au tatu kwa wiki pamoja na kazi ya nyumbani na familia. Semina ya siku mbili hotelini ina picha nzuri, basi.

14. Sisi wazazi tunahusika vipi? Aliyekosa si yeye?

Aliyekosa ni yeye, lakini anakorudi jioni ni kwenu. Programu zenye ushahidi mzito zaidi duniani kwa vijana wa hatari kubwa zinafanya kazi na familia kuliko na kijana peke yake. Tiba ya mifumo mingi, iliyoanzishwa Marekani na Scott Henggeler, humpa mshauri mmoja familia 4 hadi 6 tu kwa miezi 3 hadi 5, na kuna mtu wa kupokea simu usiku na mchana. Tiba ya familia ya James Alexander wa Utah huwa na vikao takriban 12 hadi 14.

Hatuna watumishi wa kutosha kuiga hayo yote. Yanayoigika ni haya. Mzazi ajue nne za kila siku: yuko wapi, yuko na nani, wanafanya nini, anarudi saa ngapi. Sheria za nyumbani ziwe tatu au nne, ziandikwe, na kila moja iwe na matokeo ambayo mzazi anaweza kuyatekeleza leo. "Nitakufukuza" si tokeo, kwa sababu hamtamfukuza, na akifukuzwa kweli kijiwe kitampokea usiku huohuo. Kunyimwa simu mpaka kesho jioni ni tokeo. Akifanya jambo jema atajiwe lilelile alilofanya: "umerudi saa moja kama tulivyokubaliana". Wazazi wengi huona hili la mwisho ni kumdekeza, na ndilo linaloleta mabadiliko ya haraka zaidi.

Baba na mama wakitofautiana mbele ya mtoto, kikao cha kwanza cha nyumbani kiwe chao wawili. Analelewa na bibi? Bibi ndiye mzazi kwa kazi hii, na vikao vifuatwe kwake.

15. Lazima mshauri awe mwanasaikolojia mwenye shahada?

Si lazima, ikiwa amefunzwa, ana mwongozo wa kufuata, na ana mtaalamu wa kumsimamia kila wiki. Monrovia, Liberia, vikao vya wiki 8 kwa wanaume 999 wa mitaani waliokuwa katika wizi na fujo viliendeshwa na wawezeshaji ambao baadhi yao walitoka katika maisha hayohayo. Moshi na Bungoma, watoto yatima wenye majonzi makali walipewa tiba ya kikundi ya vikao 12 na washauri wasio na taaluma ya afya ya akili. Palipo na usimamizi, mtu wa kawaida mwenye subira anafanya kazi nzuri. Usimamizi ukikatika, baada ya miezi michache kila mmoja anarudi kuhubiri.

16. Shida ni umaskini. Kwa nini msimpe mtaji au ufundi tu?

Utafiti huo wa Monrovia uliuliza swali hilohilo. Wengine walipewa tiba, wengine dola 200, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Fedha peke yake haikuacha alama ya kudumu. Tiba peke yake ilipunguza fujo, kisha nguvu yake ikafifia ndani ya mwaka. Waliopata tiba na kisha fedha ndio waliodumu, na walipotafutwa miaka 10 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Walikuwa watu wazima, miaka 18 hadi 35, kwa hiyo tusilihamishe lote kwa mtoto wa miaka 15. Mpangilio wake lakini unafundisha: vikao vitangulie, cherehani au nafasi ya gereji vifuate, navyo vifuate haraka.

## Yanayodhuru

17. Tumtembeze gerezani akaone wafungwa ili aogope?

Msifanye hivyo. Njia hii ilipata umaarufu Marekani miaka ya 1970 katika gereza la Rahway, New Jersey, ambako wafungwa wa vifungo virefu waliwafokea vijana. Mapitio ya majaribio 9 yaliyolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa yalionyesha kwamba waliopelekwa walivunja sheria zaidi. Sababu si ngumu kuiona: kijana anayetafuta heshima anakutana na watu wanaoogopwa, na woga wenyewe hauishi wiki mbili. Kumwomba askari rafiki amlaze selo usiku mmoja "ajifunze" ni jambo hilohilo, tena bila mwongozo.

18. Na kambi za gwaride na mchakamchaka, au viboko?

Gwaride humfanya atii yule anayeamrisha, mpaka siku anapotoka. Viboko humfundisha kujificha vizuri zaidi, na kwa kijana ambaye kosa lake ni kupiga watu, vinathibitisha anachokiamini tayari.

19. Kuwaweka vijana wakorofi pamoja hakuzidishi ukorofi?

Kunaweza. Huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, mpango wa kuwasaidia wavulana ulioanza mwaka 1939 ulifuatiliwa na Joan McCord miaka 30 baadaye, na waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiosaidiwa. Baadaye Dishion na wenzake walionyesha utaratibu wake: kijana anasimulia uhalifu, wenzake wanacheka, na kicheko hicho ndicho malipo.

Kwa hiyo simulizi za "tulivyofanya" zikatwe mara zinapoanza. Hatari ndogo na kubwa zisichanganywe. Waliokamatwa pamoja wasiwe kikundi kimoja. Wawezeshaji wawili, mmoja akiwaangalia wanaocheka. Kipindi hatari zaidi si kikao, ni nusu saa ya kusubiri nje na njia ya kurudi nyumbani. Wapokeeni wanapofika, na waondoke kwa kupishana.

## Hali ngumu zaidi

20. Anavuta bangi au gundi. Aache kwanza ndipo aje?

Aje hivyohivyo, ila asiwe amelewa wakati wa kikao. Akija amelewa arudishwe kwa upole na apangiwe siku nyingine. Mnyororo wa swali la 11 unatumika kwa uvutaji vilevile. Heroini ni habari nyingine: huyo apelekwe hospitali kwanza. Tahadhari na soba hausi (nyumba za kuwaachisha watu dawa za kulevya) zinazochanganya watoto na watu wazima au zinazofunga milango kwa minyororo.

21. Msichana anahitaji programu tofauti?

Mara nyingi ndiyo. Wasichana ni wachache katika mfumo, hivyo hutupwa kwenye kikundi cha wavulana. Wengi wamekwisha kudhulumiwa kingono au kupigwa, na kosa lenyewe, kutoroka au kuiba kwa mwajiri wa kazi za ndani, limetokana na hapo. Kikao cha mtu mmoja na mshauri wa kike kinatangulia, na kabla ya kumrudisha nyumbani ulizeni kama aliyemdhuru anaishi humo.

22. Kosa lake ni la kingono. Anaingia kikundi kilekile?

Hapana. Ni vikao vya peke yake, na mpango wa usalama nyumbani: asilale chumba kimoja na watoto wadogo, asiachiwe kuwalea. Vijana wengi wa kosa hili hawalirudii wakisimamiwa, kwa hiyo jina la "mbakaji" analobandikwa mtaani halisaidii mtu. Ila angalieni sheria: wapenzi wawili wa rika moja waliokamatwa si kesi ya tiba hii, ni kesi ya elimu ya uzazi na busara.

23. Kundi lake la mtaani linamtishia akijitoa.

Vitisho vichukuliwe kwa uzito. Kumwambia "waache tu" bila mpango ni kumweka hatarini. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kufifia polepole, si kutangaza: ana kazi jioni, ana kikao, bibi anaumwa. Panapotishia maisha ahamie kwa ndugu wilaya nyingine, na afisa wa huko apewe faili kabla hajafika, si baada.

24. Mshauri atayasema mahakamani anayoambiwa?

Mahakama hupata mahudhurio, maendeleo kwa ujumla na pendekezo. Siri inavunjwa kwa mambo matatu: anataka kujidhuru, anapanga kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayedhuriwa. Haya aambiwe dakika ya kwanza ya kikao cha kwanza, kabla hajasema lolote. Mzazi naye haambiwi kila kitu, hata akikasirika.

25. Atatimiza miaka 18 katikati ya programu. Inakuwaje?

Kazi ya makabidhiano ianze miezi mitatu kabla. Afisa aandike nani atampokea, kituo gani cha afya, ufundi upi. Mwombeni ufafanuzi wa amri hakimu aliyeitoa, msiiachie iishe kimyakimya.

26. Amekosea tena. Programu imeshindwa?

Tazameni amekosea nini. Aliyekuwa anapora kwa kisu mara kwa mara, akakamatwa miezi sita baadaye kwa bangi, amesogea. Rudini kwenye mnyororo na tukio jipya: je, alitumia stadi ikashindwa, au hakukumbuka kuitumia? La kwanza linataka stadi nyingine, la pili mazoezi zaidi. Angalieni pia kilichobadilika nyumbani wiki mbili kabla yake: msiba, kufukuzwa shule, baba kurudi.

27. Tunataka kuanzisha programu katika kata yetu. Tuanze na nini?

Nauli. Mahudhurio huanguka kwa nauli na njaa kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo bajeti ya kila kikao iwe na nauli ya kijana, ya mzazi kwa siku zake, na chai yenye kitafunwa. Kisha chumba chenye mlango unaofungwa, mbali na kituo cha polisi. Wawezeshaji wawili na wa akiba mmoja. Mwongozo mmoja wa vikao ambao wote wanaufuata. Msimamizi wa kila wiki. Na kikundi kimoja tu cha kuanzia.

Rekodi ziwe chache: hatari alipoingia, vikao alivyopangiwa na alivyohudhuria, kama yuko shuleni au kazini, na kama amekamatwa tena baada ya miezi 6 na 12. Waliokatisha wahesabiwe pia. Ripoti nyingi huhesabu waliomaliza peke yao, na hao wangefanya vizuri hata bila ninyi.